Je, wajua kwa nini pampu kubwa ya majitaka huungua mapema?

Mtaa ukianza kuota maghorofa, hakosekani mtu wa kusema: tununue pampu kubwa kabisa, tusije tukarudi dukani kesho. Si kila mji unahitaji kusukuma. Nairobi, sehemu kubwa ya majitaka huteremka yenyewe hadi mabwawa ya kusafishia ya Ruai. Penye tambarare, kama pwani ya Dar es Salaam, hukusanywa shimoni, kisha pampu huyasukuma. Boya likipanda pampu huwaka, likishuka huzima.

Balaa liko hapo kwenye kuwaka na kuzima. Ni kama kuchota kwa ndoo kubwa kisima kinachochuruzika: mara mbili kimekauka, unakaa kungoja. Kungoja hakuidhuru pampu. Kuanza ndiko kunakoidhuru, kwa sababu mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta umeme mara 5 hadi 7 ya kawaida yake, na joto hilo huishia kwenye koili, yaani nyaya zilizosokotwa ndani ya mota.

Tuseme kati ya boya la kuwasha na la kuzima shimo lina lita 2,000. Pampu ya lita 10 kwa sekunde haitawaka zaidi ya mara 4 au 5 kwa saa. Weka ya lita 40 humo humo, inaweza kufika mara 18. Nyingi huvumilia 10 hadi 15, ingawa mwenye neno la mwisho ni mtengenezaji.

Ajabu ni kwamba saa mbaya si alfajiri watu wote wakiwa bafuni. Ni pale majitaka yanapoingia kwa nusu kamili ya uwezo wa pampu: kwa ile ya lita 40, lita 20 zikiingia kila sekunde, shimo hujaa kwa sekunde 100 na kukauka kwa sekunde 100. Yakizidi, pampu huchelewa kumaliza. Yakipungua, shimo huchelewa kujaa.

Basi tuchimbe shimo kubwa? Majitaka yakilala huoza na kutoa hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo mwishowe hula zege. Bomba pana la kusukumia nalo lina kesi yake: ili mchanga usituame, mwendo uwe walau mita 0.6 kwa sekunde, na bomba la milimita 200 hudai karibu lita 19 kwa sekunde kufika hapo.

Kwa hiyo wahandisi hufunga pampu mbili za kutosha leo, zinazopokezana zamu, na kuacha msingi na vali za pampu ya tatu. Wengine hufunga impela ndogo, lile gurudumu linalosukuma maji, ndani ya ganda la pampu litakalopokea kubwa baadaye. Ila njia ya ndani ipitishe vipande vya milimita 75 hivi, maana vitambaa na nepi havingoji mji ukue.