Boksi la risiti

Mahafali ya mwisho wa mwaka yakipita, simu yangu haipoi: wahitimu wanatafuta kazi. Dodoma hatuna shida ya vyuo: UDOM kule kilimani tangu 2007, St John's, CBE, Mipango. Nami ni mhasibu wa maduka, hasa ya vifaa vya ujenzi, ambayo tangu serikali ihamie huku yanachipuka kama uyoga.

Usaili wangu ni boksi moja. Ndani mna risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za manunuzi ya mwezi mzima ya mteja mmoja wa Kizota. Nakupa kompyuta na saa mbili, uniandalie hesabu ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani.

Mwaka jana alikuja binti mwenye GPA ya 4.1. Kodi ya manunuzi, ile VAT ambayo duka hulipa linaponunua bidhaa, alinieleza vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Kisha akafungua boksi. Ya kwanza ilikuwa risiti ya saruji, wino umefifia kwa jua la dukani, inasomeka jumla tu: 1,180,000. Akazidisha kwa 18%, akaandika 212,400. Kodi hapo ni 180,000, maana ile 18% ilishaongezwa juu ya milioni moja. Wala hakufikiria kuihakiki mtandaoni kwa namba iliyo chini ya risiti. Nyingine tatu hazikuwa na TIN (namba ya mlipakodi) wala VRN (namba ya usajili wa VAT) ya duka la mteja, maana yake kodi yake huwezi kuidai popote. Akazijumlisha zote.

Si kwamba hajui. Darasani swali huja limeshaoshwa: tarakimu zote zipo na kila moja ina kazi. Kutambua kwamba karatasi uliyoshika ina kasoro, hilo hakuna aliyemtahini.

Dakika za mwisho akainua risiti: "Bosi, hii ya dizeli mbona haina kodi?" Haina kwa sababu dizeli imesamehewa VAT. Wa kabla yake wote waliipiga 18% kimyakimya. Nikamwajiri.

Waajiri nasi tuna yetu. Mteja mmoja alinituma nimtafutie "mhitimu mpya, uzoefu miaka mitatu". Nilicheka, kumbe hatanii. Na wanafunzi wa field? Wiki nane za fotokopi na kuchemsha chai, hata ofisini kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Siku hizi anapewa boksi siku ya kwanza. Chai tunachemsha kwa zamu, Jumatano ni yangu.