Ada ya wakala wa dhamana hairudi

Mama mmoja Mkongomani alinijia Jumamosi asubuhi na bahasha ya karatasi kutoka kwa wakala wa dhamana. Mwanawe alikuwa ametoka jela ya kaunti hapa Houston, kesi ikafutwa, na yeye alikuwa na swali moja: "Baba, zile dola 1,100 nilizolipa nitazichukulia wapi?" Nikafungua ukurasa baada ya ukurasa mpaka nikafika kwenye sahihi yake. Hakuna pa kuzichukulia. Yalikuwa malipo ya wakala, na bado alidaiwa 400.

Mimi ni msaidizi wa wakili katika kesi za jinai, na jambo hili nalikuta kila mara kwa watu wetu. Si ujinga. Ni kwamba neno dhamana tumetoka nalo nyumbani likiwa na maana nyingine. Kenya hakimu akisema "dhamana ya laki moja pesa taslimu, au bondi ya laki mbili na mdhamini wa kiasi sawa na hicho", tunajua kwamba pesa taslimu zikiwekwa mahakamani na mshtakiwa akahudhuria hadi mwisho, zinarudishwa. Tanzania, shemeji au jirani anakuja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, anatia sahihi. Mdhamini ni mtu anayekujua, na halipwi.

Hapa Texas mdhamini anaweza kuwa mtu msiyemjua kabisa, mwenye ofisi mkabala na jela, yenye bango la taa lililoandikwa Bail Bonds, wazi usiku kucha. Anachouza ni ahadi. Hakimu akipanga dola 15,000 nanyi hamna, mnamlipa wakala ada, kwa kawaida asilimia 10, yaani 1,500. Yeye anaiahidi mahakama kwamba mshtakiwa asipotokea, atalipa zote 15,000, na mara nyingi nyuma yake kuna kampuni ya bima. Ile 1,500 ni ujira wake. Hairudi hata mshtakiwa akishinda, hata kesi ikifutwa kesho yake.

Mzigo wenyewe, hata hivyo, haubaki mabegani mwa wakala. Ndiyo maana zile karatasi ni nyingi. Anayetia sahihi pamoja na mshtakiwa anakubali kumlipa wakala kiasi chote kijana akitoroka, na pengine ameshaweka rehani gari au hati ya nyumba. Yule mama alikuwa ameambiwa atie sahihi "kama shahidi tu". Karatasi ilimtaja kuwa mdaiwa. Naomba, tafadhali, mtu asitie sahihi karatasi ambayo hajasomewa kwa lugha anayoielewa, hata kama ni saa nane za usiku na mtoto yuko ndani.

Mshtakiwa akikosa tarehe yake, hakimu hutoa hati ya kumkamata na mchakato wa kudai ile dhamana huanza. Wakala hupewa muda wa kumrudisha mtu wake, na hapo ndipo wasakaji wa kulipwa wanapoingia. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizungumzia mamlaka ya mdhamini kumkamata mtu wake tangu 1872, katika kesi ya Taylor dhidi ya Taintor, ingawa majimbo mengi sasa yameyawekea mipaka. Kama umekosa tarehe kwa sababu ya basi au zamu ya kazi, mpigie wakili wako na wakala saa hiyohiyo. Usingoje wiki ipite.

Sheria hizi hazifanani kila jimbo. Kentucky, ambako ndugu wengi kutoka Kongo wanaishi Louisville, ilipiga marufuku biashara hii 1976. Illinois iliondoa dhamana ya pesa kabisa Septemba 2023.

Linaloniumiza zaidi ni la wasio raia. Kabla hamjatoa hata senti, mwulizeni wakili kama idara ya uhamiaji imeweka zuio kwa mfungwa wenu. Zuio likiwepo, mnaweza kulipa na kijana asifike mlangoni: anakabidhiwa uhamiaji. Huko dhamana ni nyingine, haipungui dola 1,500, na si kila mtu anaruhusiwa kuipata. Nimeona familia ikichangiwa kanisani Jumapili, Jumatatu ikamlipa wakala, na jioni yake kijana yuko kwenye kizuizi kingine, mbali zaidi. Ada ilibaki kwa wakala.

Kwa hiyo msikimbilie lile bango la taa. Wakili anaweza kumwomba hakimu amwachilie mshtakiwa kwa kujidhamini mwenyewe, au apunguze kiasi. Katiba ya Marekani, katika Rekebisho la Nane, inakataza dhamana iliyozidi kiasi. Na kama mnaweza kuchanga kiasi chote, kilipeni taslimu mahakamani. Kesi ikiisha na mshtakiwa akawa amehudhuria, pesa hurudi, pengine zikikatwa ada kidogo. Hakikisheni risiti imeandikwa jina la aliyezitoa, kwa sababu hurudishwa kwa jina lililo kwenye risiti. Mkihama nyumba kabla ya hapo, mpelekeeni karani wa mahakama anwani mpya.