Msiwawekee wazee wangu tuta la pamoja

Wiki hii tena. Kaja mfadhili kwenye bustani ya wazee wangu hapa Lowell, Marekani, kazunguka na simu yake akipiga picha, kisha: "Haya matuta ya mtu mmoja mmoja unganisheni, mavuno yagawanywe. Wazee wa Kikambodia si wamezoea kulima kwa ushirika?"

Mbele yake nilijibu kistaarabu. Hapa nasema: ushirika upi?

Tarehe 17 Aprili 1975 Khmer Rouge, wakomunisti waliotwaa Kambodia, waliingia Phnom Penh, mji mkuu, wakawatoa watu mjini kwa miguu. Karani, mwalimu, fundi cherehani, wote wakapelekwa mashambani. Kwa hiyo na lile la "hawa ni wakulima tangu kuzaliwa" liacheni. Wengine jembe walilijulia hapo. Ikaja amri ya kula kwenye jiko la pamoja. Kuchuma kitu ukale peke yako kikawa kosa, na watu waliuawa kwa makosa madogo kama hayo. Sasa mtu aliyenusurika hayo, leo yuko Lowell, Massachusetts, na magoti mabovu, wewe unamletea kikapu cha wote?

Mpe tuta lake. Alizungushie kamba na chupa kuukuu, apande mchaichai mpaka njia izibe. Ndipo utakuta karela mlangoni kwako bila kujua nani kaleta. Kugawa wanagawa sana, ila mwenye kugawa ni yeye.

Mengine ni mepesi. Tuta la mbao, liinuliwe, udongo uletwe kutoka nje, maana ardhi ya mji wa viwanda vya zamani huwa na madini ya risasi. Mchaichai ung'olewe kabla ya jalidi, ukae ndani kwenye ndoo hadi mwisho wa Mei. Trakuon, ule mchicha wa majini, ulizieni kibali kwanza. Serikali ya Marekani imeuweka kwenye magugu hatari.

Ila nami nina shaka zangu. Msimu wa kwanza nilibandika ratiba ya zamu, na kengele nikapiga. Yeay mmoja (bibi, kwa Kikhmer) akaweka jembe chini, akaondoka, wiki mbili hatukumwona. Nikajilaumu mwaka mzima: nimemrudisha kule kwa Khmer Rouge! Juzi nikamuuliza kupitia mjukuu wake. Akacheka. Jino lilikuwa linamuuma.

Kengele lakini, tangu wiki ile, haijulikani ilipo.