Kutulia si kumaliza dawa

Mgonjwa wa saikosisi, yule anayesikia sauti, halali na anawashuku hata ndugu zake, akishatulia, nyumbani huanza maneno: amepona, dawa za nini tena? Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Dawa huanza kutuliza dalili ndani ya siku au wiki kadhaa, lakini aliyeugua kwa mara ya kwanza hushauriwa aendelee nazo angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha. Kinachodanganya ni kwamba akiacha leo, kesho anaamka mzima. Ugonjwa hurudi baada ya wiki, hata miezi, na kufikia hapo hakuna anayekumbuka vidonge; lawama anabebeshwa jirani.

Wengine huacha kwa sababu ya maudhi ya dawa, na hao tusiwaite wakaidi. Haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo, inaweza kukaza misuli na kutetemesha mikono. Shingo ikijipinda au macho yakipanda juu na kugoma kushuka, mgonjwa apelekwe kituoni siku hiyo hiyo: kuna dawa ya kuondoa mkazo huo, kisha daktari hupima upya dozi. Anayesahau vidonge aulizie sindano ya flufenazini, ambayo kwa kawaida huchomwa kila baada ya wiki 2 hadi 5.

Wala si lazima kufunga safari hadi hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa. Mgonjwa aende na ndugu anayeishi naye, maana ndiye huona usingizi ukianza kupungua. Ukipungua siku kadhaa mfululizo, msisubiri tarehe ya kliniki.