Eikaiwa: Kiingereza cha nyumbani na cha safarini

Mjapani akikuambia anasoma eigo, anazungumzia Kiingereza kile cha shuleni chenye sarufi, msamiati na mtihani. Akikuambia anasoma eikaiwa, hiyo ni habari nyingine. "Ei" ni kifupi cha Kiingereza, "kaiwa" ni mazungumzo. Ukiyaunganisha unapata mazungumzo ya Kiingereza, na huko Japani hicho ni kitu kinachojitegemea, chenye madarasa yake ya jioni, walimu wake, vitabu vyake na vipindi vyake vya redio. Wapo waliosoma eigo sekondari nzima wakafaulu vizuri, kisha ukubwani wakalipa ada ya eikaiwa na kuanza na "hujambo" kana kwamba lugha hiyo hawajawahi kukutana nayo.

Lugha moja imegawanyikaje mara mbili? Kwa karne nyingi wasomi wa Japani walisoma maandiko ya Kichina cha kale bila kukizungumza. Waliweka alama ndogo pembeni mwa herufi, wakayapanga upya maneno mpaka yakakaa kwa utaratibu wa Kijapani. Kiingereza kilipoingia kwa nguvu katika karne ya 19, mazoea hayo yakahamia huko. Njia hiyo huitwa yakudoku, yaani kusoma kwa kutafsiri, na mitihani ya kuingia vyuo vikuu ikaipa mizizi. Imezaa watafsiri hodari, hilo halina ubishi. Lakini aliyelelewa na yakudoku pekee anaweza kuchambua insha ngumu ya mwanafalsafa, halafu akakwama mgeni wake anapoamka na yeye anataka tu kumuuliza kama amelala vizuri.

Eikaiwa inaziba pengo hilo, na malighafi yake kubwa ni mbili: maisha ya nyumbani na safari. Kitabu cha kawaida cha eikaiwa kina familia. Baba anachelewa treni, mtoto hataki kuamka, bibi amekuja na kikapu cha machungwa. Kurasa chache mbele, familia ile ile iko uwanja wa ndege, au imepotea njia na inamuuliza polisi stesheni iko wapi. Mtu mzima anayeanza kuongea lugha ngeni hana maneno ya kujadili bajeti ya taifa. Lakini ana watoto, ana mama mkwe, na Jumapili alikwenda mahali fulani. Hayo anayo tayari kichwani. Anachotafuta ni namna ya kuyatoa.

Aliyelionyesha hili kwa taifa zima ni Hirakawa Tadaichi. Alizaliwa mkoa wa Okayama, akaenda Marekani akiwa kijana na kusomea maigizo katika Chuo Kikuu cha Washington, kisha akarudi na kuwa mtangazaji wa NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani. Agosti 1945 ni yeye aliyeisoma kwa Kiingereza, hewani, tafsiri ya tangazo la Mfalme la kukubali kushindwa vita. Miezi michache baadaye, Februari 1946, akaanzisha kipindi cha mazungumzo ya Kiingereza cha dakika 15. Kilifunguliwa kwa wimbo wenye mahadhi ya wimbo wa watoto wa Kijapani ambao kila mtu aliujua, ila maneno yakiwa ya Kiingereza. Tokyo ilikuwa magofu, chakula kilikuwa cha kupanga foleni, na wanajeshi wa Marekani walikuwa kila kona. Hirakawa angeweza kufundisha Kiingereza cha kuombea kazi kambini. Badala yake alileta vijiigizo vya nyumbani, mazungumzo ya wazazi na watoto, akiwahimiza wasikilizaji waige sauti kama mtoto mchanga anavyomwiga mama yake. Watu wakaunda vikundi vya kusikiliza pamoja. Mimi naona alichagua sawasawa.

Hata hivyo, watu wengi hudhani Kiingereza cha nyumbani ni chepesi na cha safarini ni kigumu. Ni kinyume chake. Uwanja wa ndege wa Narita na ule wa London vinafanya kazi kwa utaratibu mmoja: pasipoti, tiketi, mzigo, mlango namba fulani. Mwanafunzi akishika sentensi ishirini anavuka. Nyumbani ndiko lugha zinakoachana.

Chukua wali. Msomaji wa Kiswahili analielewa hili haraka kuliko Mwingereza: shambani ni mpunga, dukani ni mchele, sahanini ni wali. Mjapani naye ana ine, kome na gohan, kwa mpangilio ule ule. Kiingereza kina "rice" tu, kuanzia jarubani hadi mdomoni. Juu ya hapo gohan ni chakula kwa jumla, kiasi kwamba kifungua kinywa huitwa "gohan ya asubuhi". Mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno atakwambia amekula wali asubuhi, kumbe alikula mkate.

Au ndugu. Mjapani ana neno la dada mkubwa, ane, na lingine la mdogo wa kike, imouto. Akisikia "sister" anabaki ananing'inia: mkubwa au mdogo? Sisi tunaosema "dada" na "mdogo wangu" tunajua kwa nini anauliza.

Kuna pia maneno ya adabu. Anayerudi nyumbani husema tadaima, aliye ndani hujibu okaeri. Hayaachani, kama hodi na karibu. Kabla ya kula husemwa itadakimasu, yaani "napokea". Mwisho wa siku wafanyakazi huagana kwa otsukaresama, ambalo Mtanzania atalitafsiri bila kufikiri: pole na kazi. Vitabu vingi vya eikaiwa hulazimisha visawe. Itadakimasu inageuzwa kuwa "Let's eat", jambo ambalo si kosa kabisa, ila shukrani yote imemwagika. Mwalimu mzuri huwaambia wanafunzi wazi kwamba pale mezani Mwingereza mara nyingi hasemi kitu, anachukua uma tu. Kimya hicho nacho ni somo.

Mtego wa mwisho umo katika maneno yaliyokopwa. Manshon kwa Kijapani ni fleti ya kawaida kwenye jengo la ghorofa. Mwanafunzi akisema kwa Kiingereza "I live in a mansion", msikilizaji anaona kasri lenye bustani, na mwenzake ana vyumba viwili ghorofa ya tano.

Basi darasa zuri la eikaiwa likoje? Nalipima kwa kijisanduku cha vitamutamu. Mwanafunzi amerudi kutoka Nikko na familia yake, na Jumatatu jioni anaweka mezani omiyage, vikeki vya maharage matamu, kimoja kwa kila mtu darasani. Anatafuta neno la Kiingereza. Kamusi inampa "souvenir", lakini hilo ni kumbukumbu ambayo mara nyingi msafiri hujinunulia mwenyewe, akaiweka kabatini. Omiyage ni ya waliobaki, kama zawadi tunayoiulizia mtu akitoka safari. Mwalimu mwenye haraka angempa neno moja na kufungua ukurasa wa 34. Mwenye akili anachukua kikeki chake, anakifungua taratibu, na kuanza kuuliza: nani alichagua? Kwa nini kila kimoja kina karatasi yake? Ungerudi mikono mitupu, ofisini wangesemaje? Mwanafunzi anajibu kwa sentensi zilizovunjika, anarudia, anamtaja mama mkwe aliyesahauliwa kwenye hesabu ya vikeki, na ukurasa wa 34 haufunguliwi siku hiyo.