Briji mpya ya gitaa la Strat: pima kabla ya kutuma hela

Gitaa ninaloletewa mara nyingi hapa Tabora lina umbo la Stratocaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, kwa kifupi Strat. Limenunuliwa Kariakoo au limeachwa na ndugu aliyekuwa nje, mkono wa kutetemesha sauti ulishapotea, na skrubu za sado, vile vipande vidogo ambavyo kila uzi unalalia, zimeganda kwa kutu. Mwenye gitaa tayari ana picha ya briji inayong'aa, kile chuma kinachoshika nyuzi juu ya mwili wa gitaa, kwenye simu. "Fundi, hii itafaa?" Kabla ya kuitazama hiyo picha huwa namuuliza anapiga nini.

Briji ya aina hii haijafungwa moja kwa moja kwenye mbao. Ilivyotoka na Stratocaster mwaka 1954, bamba lake huegemea skrubu sita kwa mbele, na chini yake kuna bloku, kipande kizito cha chuma kinachoingia ndani ya mwili wa gitaa. Nyuzi huvuta kwa juu, springi huvuta bloku kwa nyuma ya gitaa. Seti ya nyuzi za namba 10 (ni namba ya unene) ikishatyuniwa huvuta karibu kilo 45, na springi inabidi zilingane nayo. Sasa kata uzi mmoja katikati ya sebene. Springi zinashinda, bamba linashuka, nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda sauti kwa pamoja, na kwaya ndiyo kwanza imepamba moto.

Rumba tuliyorithi katika mji huu wa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe na Tabora Jazz haidai mkono wa kutetemesha. Kama wewe ni mtu wa solo na rithim za hivyo na huo mkono huugusi mwaka mzima, mimi sikuuzii briji. Nakaza springi mpaka bamba lilale juu ya mwili, basi. Ukitaka lisitikisike kabisa, nachonga kipande cha mninga na kukibana kati ya bloku na ukuta wa tundu, upande wa kitakoni. Mabaki ya mninga kwa maseremala wa hapa hayakosekani.

Lakini kama mkono unautumia kweli, au bamba limelika pale linapogusana na skrubu kiasi kwamba gitaa halirudi kwenye tyuni, hapo tununue. Na hapo jina la kampuni halinisumbui, nataka vipimo.

Cha kwanza, na ndicho kinachowaumiza watu, ni umbali kati ya skrubu ya kwanza na ya sita. Fender za mtindo wa zamani zina milimita 56.4. Fender nyingi zilizotengenezwa Mexico, pamoja na kopi nyingi za Asia, zina 52.4 au karibu na hapo. Kwa macho tofauti hiyo huioni, na kwenye picha ya muuzaji ndiyo kabisa. Usihangaike kukisia katikati ya kichwa cha skrubu. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa skrubu ya kwanza hadi ukingo wa kushoto wa skrubu ya sita, jibu ni lilelile. Tumia vernia, si futi ya fundi cherehani. Matundu yakikataa, inabidi kuyaziba kwa vijiti vya mti mgumu na gundi kisha kutoboa upya, na kopi za bei rahisi zenye mbao laini hazivumilii hiyo kazi mara mbili.

Baada ya hapo angalia upana wa sado. Kuna za milimita 10.5, za 10.8 na za 11.3. Zidisha mara tano upate umbali kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita: 52.5, 54 au 56.5. Shingo ikiwa nyembamba na ukafunga sado pana, uzi mwembamba utakuwa unachomoka nje ya freti kila ukiuvuta.

Bloku nayo ina urefu wake. Gitaa la kawaida lina unene wa milimita 44 au 45, kopi nyingi ni nyembamba zaidi. Bloku ya 42 kwenye mwili mwembamba itatokeza mgongoni na kukuchoma tumbo, kwa hiyo huko tafuta ya 36. Watu hubishana sana kuhusu bloku ya chuma cha pua na ya zinki, ipi ina sauti. Tofauti ipo, ila kwangu linalobeba uzito ni bamba: la chuma kigumu haliliki haraka pale kwenye skrubu, la zinki linachoka. Mkono nunua na briji yake, maana hesi za Marekani za inchi na hizi za milimita haziingiliani, na ukilazimisha unaharibu bloku.

Ile ya nguzo mbili badala ya skrubu sita ni nzuri na inateleza vizuri, lakini kuihamishia kwenye gitaa la skrubu sita ni kutoboa matundu makubwa mawili mapya. Floyd Rose, briji inayobana nyuzi kwa skrubu, ni habari nyingine kabisa: nguzo ziko kama milimita 74 mbali, mwili unachimbwa, na kule juu ya shingo kinafungwa kibano cha nyuzi. Uzi ukikatika ibadani unatafuta alenki, ufunguo wa skrubu hizo, kwanza. Mwenye gitaa moja tu simshauri.

Ukiagiza Dar, mwambie muuzaji aweke rula juu ya briji, kwenye skrubu na kwenye sado, ndipo apige picha. Akikwepa, tafuta mwingine. Ikifika, kaza skrubu mbili za pembeni mpaka ziguse bamba tu, zile nne za kati ziache zikiwa zimelegea kidogo ili bamba lipate nafasi ya kuinuka. Halafu funga nyuzi mpya, tyuni, uziache zinyooke usiku mzima, ndipo ugeukie skrubu za springi.