Breki ya kaboni haitaki kuguswaguswa

Ndege ikishaegeshwa jioni hapa Kisumu, huwa nachutama kando ya gurudumu na kumulika pini moja nyembamba kama msumari. Breki ikiwa imeshikwa, pini hiyo hutokeza nje, na kadiri diski zinavyolika ndivyo inavyozama. Ikizama kabisa, breki inang'olewa.

Ndani ya breki ya ndege kubwa, diski za kaboni zimepangwa kama sahani: moja inazunguka na gurudumu, inayofuata imetulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Rubani akikanyaga, pistoni za haidroli huzibana zote pamoja. Ndege ndogo ina diski moja ya chuma na pedi zake, karibu sawa na gari.

Chuma huliwa na moto. Ukishuka mteremko wa Riat kwa matatu umeisikia harufu ile: mwendo mkali, mzigo mzito, pedi zinakwisha. Ndiyo maana rubani aliyefunzwa kwenye chuma hugusagusa breki kidogo kidogo zisipate joto.

Tabia hiyo inaiua kaboni. Kinachoila kaboni hasa ni idadi ya mara inapokanyagwa, na huliwa vibaya zaidi ikiwa bado baridi, ndege ikijivuta polepole kwenda kuruka. Nawasihi marubani wetu: acha mwendo uongezeke kidogo, kanyaga mara moja kwa uthabiti, mwendo ukipungua achia kabisa.

Kaboni ina uzito wa karibu robo ya chuma kwa ujazo uleule, kilo yake hubeba joto mara mbili au zaidi, na haipindi ikipata moto. Concorde, ile ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, ilianza kubeba abiria ikiwa na breki za kaboni mwaka 1976. Sisi hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege hugusa ardhi ikiwa na mwendo mkubwa zaidi, na breki humeza nishati inayozidi ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10.

Adui mwingine wa kaboni ni oksijeni. Ikipita nyuzi 400 hivi za Selsiasi, kaboni huanza kuungua polepole, na dawa za kuoshea zenye potasiamu huharakisha jambo hilo. Sikubali mtu apulizie sabuni magurudumuni. Niliwahi kufungua breki ambayo pini yake ilikuwa bado ndefu, nikabonyeza ukingo wa diski kwa kidole gumba, ukamomonyoka kama mkaa. Siku hizi nikishapima pini, tochi yangu inazunguka kingo zote.